Cherehani Iliyogoma Siku ya Arobaini

Paukwa!

*Pakawa!*

Sindano?

*Ya fundi.*

Uzi?

*Wa subira.*

Na mwenye pupa?

*Ajidunge kidole!*

Basi sogeeni, na anayetaka kukohoa akohoe sasa. Hapo zamani, si zamani sana kwa sababu cherehani zilikuwa zimekwisha kufika, lakini zamani ya kutosha kwa sababu wanyama walikuwa bado wakisema na watu walikuwa bado wakisikia, alikuwapo binti mmoja jina lake Mwantumu. Mwantumu alikaa pwani, katika mji wa joto, na kazi yake ilikuwa kushona. Alikuwa fundi hodari, ila alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni wasiwasi. Akifunga mlango, hurudi kuutazama kama umefungwa. Akipima kitambaa, hukipima mara tatu, na mara ya nne hukipima kwa siri.

Mwantumu alikuwa na kaka mmoja tu, Kibwana. Kibwana alipanda mlimani, akaoa huko, na huko huko akafariki kabla mtoto wake hajazaliwa. Mtoto alipozaliwa, wa kiume, habari ikashuka pwani: "Shangazi, njoo umtoe mtoto."

Kwa nini shangazi? Kwa watu wa mlima ule, mtoto mchanga hukaa ndani siku arobaini, yeye na mama yake. Siku ya arobaini, jua likisimama utosini, hutolewa nje. Akitolewa na shangazi, mgongoni, katika mbeleko ya ukoo wa baba, hupewa jina la upande wa baba. Shangazi akiwa hana mbeleko, mtoto hutolewa na bibi mzaa mama, na jina hutoka upande wa mama. Jina likishatajwa mbele ya jua, halibadilishwi.

Na mbeleko hiyo si kitambaa chochote cha dukani. Ni vipande arobaini, vimeombwa kwa watu arobaini wa ukoo, vikaunganishwa na shangazi mwenyewe.

Kaka yake hakuacha shamba wala nyumba. Aliacha jina. Mwantumu alitaka jina hilo liitwe tena, na mtu aliitikie.

Basi akazunguka mji wao, nyumba hadi nyumba. Mama mkubwa akatoa kipande cha kanga, binamu akatoa kipande cha leso, bibi kipofu akatoa kipande cha shuka na kusema, "Kipeleke, mkono wangu umo humo." Vikafika thelathini na tisa. Cha arobaini Mwantumu akakikata katika kikoi cha Kibwana.

Kisha akaitazama cherehani ya marehemu mama yake, ile ya kukanyaga. Akaipangusa. Akataka kuitia mafuta, akakuta mafuta ya cherehani yamekwisha, akatia mafuta ya nazi, yale yale ya kupaka nywele, kama walivyofanya mafundi wote wa mji ule tangu walipojua kushona. Matone saba kila tundu. Akakanyaga, ikaimba: tiki-tiki-tiki-tiki. Akaridhika. Akakanyaga tena kuhakikisha kwamba ameridhika. Ndipo akaipakia kwenye mkokoteni wa punda, akapanda mlima.

Njiani akakuta mto umefurika. Akangoja siku ya kwanza, akangoja siku ya pili, siku ya tatu akavuka. Akafika kwa wifi yake, Nakijwa, jioni ya siku ya thelathini na tisa, mguu umevimba na vipande vyote arobaini bado vimo ndani ya fuko.

"Pumzika, wifi," Nakijwa akamwambia, mtoto kifuani. "Kwa mkono ingekuwa kazi ya siku tatu. Kwa cherehani ni kazi ya asubuhi moja."

Mwantumu akahesabu vipande, akalala.

* * *

Kulipopambazuka, loo, baridi! Baridi ya mlimani haibishi hodi. Mwantumu alipumua akaona moshi. Akachukua chupa yake ya mafuta ya nazi apake vidole vilivyokakamaa, akaiinamisha. Hakuna. Akaitikisa. Hakuna. Mafuta yameganda ndani, meupe kama samli.

"Hata wewe!" akasema, akaitupa nje. Ikabingirika uani, ikapita kuku, ikaishia kwenye majabali. Kumbukeni chupa hiyo. Mimi naweza kuisahau, ninyi msiisahau.

Akaketi kwenye cherehani, chumba cha mbele, sakafu ya mawe. Akaimba wimbo aliokuwa akiuimba mama yake. Nisaidieni:

*Cherehani ya mama, amka tushone,*
*jua linapanda, mtoto atoke!*

Akakanyaga. Cherehani ikasema: "Kwi."

Basi. Kwi, ikanyamaza.

Jogoo akapanda uani juu ya ua, akapiga kelele: "Kokoikoo! Limechomoza! Haraka, shangazi, haraka!"

Mwantumu aliposikia haraka, moyo ukaruka. Akakanyaga kwa miguu yote miwili, kwa nguvu zote. Na ninyi mliowahi kukalia cherehani ya kukanyaga mnajua: mguu wenye hasira hauipeleki mbele, huirudisha nyuma. Gurudumu likashtuka, likarudi nyuma, uzi ukakatika, sindano ikasema po! Ikavunjika.

Alikuja na sindano tatu. Zikabaki mbili.

"Kokoikoo! Limepanda mnazi mmoja!" akasema Jogoo, ambaye mnazi hakuwahi kuuona.

Mwantumu akautazama mlango, akaona mwanga unakuja uani polepole kama mgeni asiyetakiwa. Hakuweza kuvumilia. Akachukua mkeka akautundika mlangoni. "Nisilione," akasema. "Nisipoliona nitashona."

Jamani, jua huzuiwa kwa mkeka? Jua likaendelea na safari yake huko juu, na chumba kikazidi baridi.

Akaimba mara ya pili:

*Cherehani ya mama, amka tushone,*
*jua linapanda, mtoto atoke!*

"Kwi."

Panya akatoa pua kwenye tundu la ukuta. "Shangazi, kitu usichokielewa kifungue. Mimi nikikuta gunia silielewi, nalitoboa."

Mwantumu akashika kisu, akafungua skrubu moja, akafungua bamba. Akaona vyuma vimelaliana kama matumbo ya samaki, na juu yake utando mweupe. "Vumbi la safari," akasema, wala hakuugusa. Yeye aliyepima kitambaa mara nne! Lakini macho ya mwenye hofu hutazama saa tu. Akalishika gurudumu kwa mkono, akalilazimisha. Po! Sindano ya pili. Na skrubu ikaanguka, ikabingirika, Panya akaidaka.

"Nirudishie! Mwizi wa magunia! Mkia kamba!"

Panya akasimama kwa miguu ya nyuma. "Umenitukana mkia?"

"Nimeutukana!"

"Basi nitaiweka hii mpaka utakapotulia," akasema Panya, akaingia tunduni mwake.

Akaimba mara ya tatu, sauti imekauka, na aliyeimba naye ni kilio:

*Cherehani ya mama, amka tushone,*
*jua linapanda, mtoto atoke!*

"Kwi."

Kima akaning'inia dirishani. "Piga!" akasema. "Chombo ni kama ngoma, hakisemi mpaka kipigwe. Mimi fenesi likinifanyia kiburi nalipiga jiweni."

"Na likishapasuka?"

"Limepasuka," akasema Kima. "Si ndilo ulilotaka?"

Mwantumu akaipiga kofi. Mkono ukauma, cherehani haikuuma. "Umenionea tangu alfajiri," akaiambia. "Nimekubeba, nimekufuta, nimekutia mafuta kwa hesabu, na leo, siku moja hii, unaniaibisha!" Akageuka, akauona mchi kando ya kinu. Akaunyanyua.

Mtoto akaamka chumba cha ndani, akalia.

"Wifi," Nakijwa akaita, "kuna usalama huko?"

"Usalama, wifi," akajibu Mwantumu, na mchi u juu ya kichwa, na machozi yanaingia mdomoni.

"Hodi," ikasema sauti chini ya mkeka.

* * *

Aliyeingia alikuwa Pimbi, yule mnyama mnene wa majabalini, mdogo kama sungura, asiye na mkia. Mnajua kwa nini hana. Siku mikia ilipogawiwa kulikuwa na mvua na ukungu, akaona baridi kutoka, akasema, "Nitamtuma mtu anichukulie." Aliyetumwa akarudi mikono mitupu.

Pimbi huyo alikuja anaisukuma chupa kwa pua.

"Nani kanirushia chupa nimelala?"

"Si sasa, Pimbi! Toka!"

"Natoka. Nimekuja kurudisha mali ya watu tu. Iliniangukia ubavuni, ngumu kama jiwe. Nikasema, na huyu ni mwenzangu, ngoja tuote jua wote."

Mwantumu akaipokea chupa kwa mkono mmoja aitupe tena, na mchi bado mkono wa pili. Kizibo kikachomoka. Mafuta yakamwagika mpaka kiwikoni, laini, maangavu kama maji ya kisimani.

Akamgeukia Pimbi. "Umeyafanya nini haya?"

"Sikuyafanya kitu. Nimekaa nayo juani." Pimbi akajikuna. "Mimi mwenyewe kabla ya jua sina miguu. Watu wa hapa huniita mvivu. Na anayenivuta shimoni alfajiri, namng'ata, kisha husema nina roho mbaya. Roho yangu nzuri sana, shangazi, ila huamka saa tatu."

Mwantumu akaushusha mchi, lakini hakuuweka chini.

"Mimi cherehani siijui," akasema Pimbi. "Naijua baridi. Nikuulize matatu?"

"Uliza upesi."

"Upesi siwezi. Mara ya mwisho iliimba wapi?"

"Pwani."

"Kabla ya kuondoka uliipa nini?"

"Mafuta. Matone saba kila tundu, nimehesabu mwenyewe."

"Mafuta gani?"

Mwantumu akautazama mkono wake unaong'aa mafuta. Akainama, akachungulia pale alipofungua bamba, akaugusa ule utando mweupe kwa ncha ya kidole. Haukuwa vumbi. Ulinata, ukayeyuka kwa joto la kidole.

Akauweka mchi chini.

"Ya nazi," akasema. Akaketi sakafuni, akacheka na kulia kwa pamoja. "Nimeitukana tangu alfajiri, kumbe inasikia baridi."

"Nami hutukanwa," akasema Pimbi, "tumezoea."

* * *

Mwantumu akautoa mkeka. Jua likaingia, na kweli lilikuwa limepanda sana.

Uani alikuwa amesimama mama yake Nakijwa, bibi mzaa mama, na begani ana mbeleko yake, tayari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mambo yamekuwaje?"

"Cherehani imeganda, mama. Inataka jua. Peke yangu siwezi kuitoa."

Mama akamtazama sana. "Unaniomba mimi? Ukishona, jina langu halitoki. Nilikuwa nimechagua la baba yangu."

"Najua, mama."

"Unajua, na unaomba."

"Naomba."

Mama akaivua mbeleko yake begani, akaitundika juu ya ua, pembeni ya Jogoo. "Shika upande ule," akasema. "Kibwana alinichotea maji miaka miwili, na hakuna siku niliyomwambia mtungi uko mtupu. Shika, mgongo wangu si wa kungoja."

Wakaibeba, wakaiweka katikati ya ua, juani. Mwantumu akanyoosha mkono kwenye gurudumu.

"Bado," akasema Pimbi, amelala juu ya jiwe lake.

Hapo, wasikilizaji wangu, ndipo penye kazi. Kukanyaga ni rahisi, kupiga ni rahisi, kutukana ni rahisi kuliko vyote. Kukaa mbele ya kitu unachokihitaji, saa inakwenda, na usikiguse! Mwantumu alikalia mikono yake miwili.

Kisha akasema moyoni, kama siwezi kushona, naweza kupanga. Akatandika vipande juu ya mkeka, safu tano, kila safu vinane, cha Kibwana mwisho wa safu ya mwisho. Akaingiza sindano ya tatu, ubavu wake bapa mahali pake. Akanyoosha mkono.

"Bado."

Akaenda kwenye tundu la Panya, akapiga magoti. "Panya, niwie radhi. Ule ulikuwa wasiwasi uliokuwa unasema. Mkia wako ni mzuri."

Sauti ikatoka ndani: "Mzuri namna gani?"

"Kama uzi wa hariri."

Skrubu ikabingirika nje, imesuguliwa inang'aa.

"Kokoikoo! Saa tano! Saa tano na haraka!"

"Huyo hulia hata siku asiyokuwa na kazi," akasema Pimbi.

Mwantumu akalifunga bamba. Akanyoosha mkono mara ya tatu. Pimbi hakusema kitu. Akaligusa gurudumu kwa kidole kimoja, likazunguka lenyewe, kama mtu anayejigeuza usingizini.

Akaimba, polepole. Imbeni naye:

*Cherehani ya mama, amka tushone,*
*jua linapanda, mtoto atoke!*

"Tiki," ikasema cherehani. "Tiki. Tiki-tiki-tiki-tiki!"

Kanga ikashika leso, leso ikashika shuka la bibi kipofu. Safu ya kwanza, safu ya pili, safu ya tatu. Vivuli vikafupika. Safu ya nne. Mama akasimama kati ya ua akiangalia kivuli chake kinavyorudi miguuni. Safu ya tano, vipande saba vimeungana, safu zote zimeshikana, limebaki shono moja: kikoi cha Kibwana.

Mwantumu akakitazama kivuli cha mama. Kosa! Moyo ukaruka, mguu ukakimbia. Gurudumu likashtuka, likarudi nyuma. Uzi ukakatika.

Sindano? Ilipinda kidogo, haikuvunjika. Ndiyo ya mwisho.

Akageuka kumtafuta Pimbi. Pimbi alikuwa amelala usingizi wa kukoroma.

"Haraka!" akalia Jogoo.

"Ifungue!" akasema Panya.

"Piga!" akasema Kima.

Mwantumu akautoa mguu wake. Akaweka mikono mapajani. Akavuta pumzi na kuzihesabu kama alivyohesabu mafuta: tone la kwanza, tone la pili, tone la tatu, mpaka la saba. Akainyoosha sindano kwa vidole. Akalamba uzi, akaupitisha. Akaweka kiganja juu ya gurudumu, akalivuta kuja kwake, na mguu ukalifuata gurudumu, haukulitangulia.

Tiki. Tiki. Tiki. Tiki.

Akakata uzi kwa meno.

Mama akainama, akapima kivuli chake. "Kidole kimoja," akasema. "Kimebaki kidole kimoja. Mchukue mwanao."

Nakijwa akamweka mtoto mgongoni kwa shangazi yake, na Mwantumu akafunga mbeleko ya vipande arobaini kifuani, fundo moja, akalikagua, akalikagua tena, maana tabia haiishi kwa siku moja. Akavuka kizingiti. Jua likasimama utosini.

"Kibwana!" akaita.

Akaita mara ya pili, majabali yakaitikia. Akaita mara ya tatu, na mtoto akamjibu kwa kumkojolea mgongo mzima.

"Ndiye," akasema mama, anafuta macho kwa ncha ya mbeleko yake. "Ndiye hasa. Yule mwingine naye hakuwa mtu wa kungoja kukaribishwa."

* * *

Wakala, wakanywa, na Jogoo ambaye alikuwa na haraka siku zote akawahi chungu mapema kuliko wote.

Mwantumu akamshonea Pimbi mkia wa mabaki ya kanga, mzuri, mrefu, una pindo. Siku alipokwenda kumpa kulikuwa na ukungu. Pimbi akasema kutoka shimoni, "Ahsante, shangazi. Nitamtuma mtu aje auchukue." Mpaka leo mkia uko pale ukutani.

Basi chombo hakina chuki nawe, wala hakina masikio ya kusikia matusi yako. Kikigoma, kiulize kilipoimba mara ya mwisho, na tangu hapo umekipa nini. Na kama jibu halijaja, toa mguu kwanza. Nanyi mnaocheka, nimewaona, kwani wanaoitikisa simu kama pakacha la dagaa ni kina nani? Mimi mwenyewe juzi nilitaka kuinyanyulia yangu mchi, ila mchi sina.

Hadithi imefika pindoni, nakata uzi. Mwenye kuona fundo, asilivute. Alifungue polepole, na akishindwa, aliweke juani.